Funguo Mbili



Kazi yangu ni kutunza seva za kukodi. Wanasema ziko winguni. Kumbe zimo majengoni huko Cape Town, nami naziendesha kutoka Morogoro kwa kompyuta ya mkononi.

Basi kompyuta hiyo huandaliwa kwanza. Amri ya ssh-keygen hutengeneza funguo mbili: wa hadhara hupelekwa kwenye seva, wa siri hautoki, tena huwekewa nenosiri. SSH yenyewe aliitunga Tatu Ylönen, nchini Finland, mwaka 1995, baada ya manenosiri kunaswa kwenye mtandao wa chuo chake.

Mwaka 2021 kompyuta yangu iliibiwa ndani ya basi. Nenosiri lilimzuia mwizi asiingie kwenye seva. Lakini hata mimi sikuweza kuingia! Ilinibidi nizime seva ya mteja, niitoe diski yake, niipachike kwenye seva nyingine, niandike humo ufunguo mpya, kisha niirudishe. Siku mbili mteja hakuuza kitu, na hasara nililipa mimi.

Sasa ninayo kompyuta ya pili, imefungiwa kabatini nyumbani. Ina ufunguo wake, na kila seva inautambua. Kila Jumamosi naujaribu.