Kompyuta ya Chama: Tununue Kuukuu Yenye Nguvu au Tuunganishe Mpya?

Mazungumzo ya Mkaguzi wa Ushirika mbele ya makatibu na wajumbe wa bodi za vyama vya msingi



Katika makisio ya vyama ninayopitia siku hizi, karibu kila chama kimetenga fungu la kompyuta, na karibu kila katibu huniuliza swali lile lile. Je, tununue mashine kuukuu ya hali ya juu, zile kubwa zilizokuwa zikitumiwa na wahandisi na wachoraji wa ramani huko Ulaya na Marekani, au tumpe fundi fedha akanunue vipuri vipya na kutuunganishia ya kwetu?

Kabla sijajibu, sina budi kukiri kosa langu. Chama kimoja cha wakulima wa korosho, ambacho sitakitaja, kiliniuliza swali hili, nami nikakishauri kinunue kuukuu. Ilikuwa mashine nzuri kwelikweli: kumbukumbu ya gigabaiti 64, sanduku zito la chuma, na bei iliyokuwa chini ya kompyuta mpya ya kawaida. Ilifanya kazi miezi kumi na mmoja bila kukohoa. Ikazimika mwezi wa Novemba, minada imekwisha kuanza, na orodha ya malipo ya wakulima imo ndani yake.

Kilichokufa ni pawa saplai tu. Katika kompyuta nyingi kipuri hicho hununuliwa asubuhi na kufungwa kabla ya adhuhuri. Lakini ile ilikuwa na umbo lake na plagi zake, na hapakuwa na duka lolote mjini lililokuwa nayo. Tuliisubiri wiki tano. Katibu alikaa usiku na mchana akiandika upya orodha kwa mkono kutoka katika stakabadhi za kupokelea mazao. Nilikuwapo siku alipoingia bibi mmoja mkulima, kwa mara ya tatu juma lile. Katibu akamwamkia, "Shikamoo, bibi." Akajibu, "Marahaba, mwanangu. Hilo sanduku lenu litaamka lini? Wajukuu wangu shule inafunguliwa." Katibu hakuwa na jibu, na mimi niliyetoa ushauri nilitazama chini.

Laiti mmoja wetu angekumbuka kuichomoa diski na kuipachika katika mashine nyingine, orodha ingepatikana siku ile ile, maana diski ilikuwa nzima. Hatukulifikiria. Wala hapakuwa na nakala.

Sasa tuzitazame mashine zenyewe. Kompyuta kuukuu za kazi nzito zinazoonekana sana madukani ni kama HP Z440 au Dell Precision T5810. Makampuni ya ng'ambo huzitumia miaka kadhaa, kisha huziuza kwa jumla, na nyingi hutufikia kwa njia ya Dubai. Prosesa zake za Xeon ni za mwaka 2014 na 2016. Ubora wake si wa kubezwa. Kumbukumbu yake ni ya aina inayojisahihisha: tarakimu moja ikigeuka kwa hitilafu ndani ya kumbukumbu, mashine huigundua na kuirudisha ilivyokuwa. Kwa mtu anayetunza leja za watu hilo ni jambo kubwa, na kompyuta za kawaida kwa kawaida hazinalo.

Kasoro zake ni tatu, na ya kwanza nimekwisha kuisimulia: pawa saplai na mazabodi zake hazifuati vipimo vya kawaida, kwa hiyo huwezi kuzibadilisha kwa kipuri cha duka lolote. Ya pili, Microsoft ilisimamisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haizikubali rasmi prosesa za umri huo. Kwa upande wa Intel inaanzia, kwa jumla, kizazi cha nane kilichotoka mwaka 2017. Muuzaji atakuambia, "Mbona nimeiweka na inafanya kazi?" Ni kweli inaweza kuwekwa kwa njia ya panya, lakini chama kinachofungua akaunti ya benki katika mashine hiyo kinajitwika hatari. Njia halali ni kuweka Linux, ambayo ni bure na ina programu za majedwali na barua, ikiwa katibu yuko tayari kujifunza. Hakikisheni kwanza kwamba programu yenu ya hesabu inafanya kazi humo.

Ya tatu ni umeme. Tuseme mashine kubwa inakula wati 150 na ndogo wati 40, kwa saa 10 za kazi. Ya kwanza inamaliza uniti 1.5 kwa siku, ya pili uniti 0.4. Kwa siku 26 za mwezi tofauti ni uniti 28.6. Zidisheni kwa bei mnayonunulia Luku, kisha kwa miezi 12, mwone. Chama kinachotegemea sola na betri kisiiguse kabisa mashine ya namna hiyo.

Upande wa kuunganisha, faida yake kuu ni ile niliyoikosa Novemba ile: vipuri vinavyofuata vipimo vya kawaida. Pawa saplai ikifa, fundi yeyote anayo nyingine. Mazabodi ya aina ya AM4, iliyopokea prosesa za Ryzen tangu mwaka 2017, inaweza kuchukua Ryzen 5 5600G ya mwaka 2021, ambayo ina uwezo wa picha ndani yake na inatosha kwa leja, barua na rejesta ya wanachama elfu kadhaa bila taabu. Nasisitiza hilo la picha. Nimeona fundi akinunua prosesa isiyo na uwezo huo, akaiunganisha vizuri, na kioo kikabaki cheusi. Chama kikalipa mara ya pili kununua kadi.

Hata hivyo, kuunganisha kumepanda gharama. Tangu mwishoni mwa mwaka 2025 bei ya kumbukumbu imepanda mno duniani, kwa kuwa viwanda vimeelekeza nguvu zao katika vituo vikubwa vya akili mnemba. Ankara kifani ya mwaka juzi haifai tena. Kwa sababu hiyo hiyo mashine kuukuu yenye kumbukumbu ndani yake imepata thamani mpya. Lakini msidhani mtaihamishia kumbukumbu ile katika mashine ya kuunganisha. Mazabodi za kawaida haziikubali.

Nami kama mkaguzi lazima niseme juu ya karatasi. Mashine kuukuu huja na risiti moja. Ya kuunganisha huja na risiti saba au nane kutoka maduka manne, na hapo ndipo mambo huharibika. Kila risiti iwe ya mashine ya kielektroniki, iambatishwe kwenye hati moja ya malipo, na katika rejesta ya mali iandikwe kompyuta moja pamoja na namba ya kila kipuri. Namba hizo si urembo. Nimekagua kompyuta iliyokwenda kwa fundi ikiwa na gigabaiti 32 ikarudi na 8, na kwa kuwa hakuna aliyeandika kitu, hakuna aliyeweza kudai. Ujira wa fundi nao uandikiwe mkataba, na ndani yake mtajwe muda ambao atawajibika. Kila kipuri kina dhamana ya duka lake, lakini mashine nzima haina mdhamini ila yeye.

Kwa mashine kuukuu, msilipe kabla ya kuiwasha na kuitazama ndani. Kapasita zilizovimba ni dalili mbaya. Mwambieni muuzaji awaonyeshe ripoti ya diski, inayotaja saa ilizofanya kazi. Ila hata ripoti ikiwa safi, mimi ningenunua diski mpya. Hakikisheni haina neno la siri la kampuni iliyoimiliki. Tena badilisheni ile betri ndogo ya saa, CR2032. Ni ya bei ndogo, lakini ikifa, kompyuta isiyo na mtandao husahau tarehe. Nimewahi kukuta malipo ya msimu mzima yameandikwa kwa tarehe za miaka ambayo chama chenyewe hakijaandikishwa. Tulicheka, kisha tukakesha siku mbili kuyarekebisha.

Maoni yangu sasa ni haya. Chama cha msingi hakihitaji mashine ya wahandisi. Kama fedha ni chache, kinunue kompyuta kuukuu ya ofisi ya kawaida, ya kizazi cha nane au zaidi. Kama kina fundi wa kuaminika aliye karibu, kiunganishe ya wastani. Muungano wenye makarani kadhaa na kumbukumbu za vyama vyote unaweza kunufaika na zile kubwa, lakini kwa sharti moja: ununue mbili za aina moja, ya pili iwe ghala la vipuri. Mbili kuukuu mara nyingi bado ni nafuu kuliko moja mpya ya nguvu hiyo.

Kwa vyovyote, fungu hilo hilo lihesabu betri ya akiba ya kuzuia kuzimika ghafla, na diski mbili za nje za nakala, moja ikikaa kwa katibu na nyingine kwa mweka hazina. Ikiwa fedha hazitoshi kwa hayo, punguzeni ukubwa wa kompyuta, wala si nakala.

Chama kile cha korosho bado kinaitumia mashine yake. Kilinunua ya pili inayofanana nayo, imewekwa stoo ikiwa imefungwa kwa turubai, na katibu anajua kuichomoa diski. Walio na ankara kifani wazilete hapa mezani baada ya chai, tuzipitie moja moja.