Ua ni wa Wote, Kazi ni ya Nani?

(Mawaidha kwa vijana baada ya sala ya Alasiri)



Ndugu zangu vijana, leo sitazungumza juu ya mambo makubwa. Nitazungumza juu ya choo, bafu na mfereji. Msicheke. Wengi wetu hapa Mombasa tumepanga katika nyumba za Kiswahili: vyumba sita, vitatu huku na vitatu huku, ukumbi katikati, na nyuma ni uani. Kila mtu ana ufunguo wa chumba chake, lakini uani hapana mwenye ufunguo. Hapo ndipo ugomvi unapoanzia.

Mimi nilikaa nyumba kama hiyo kabla sijaoa. Choo kimoja, bafu moja, mfereji mmoja, mita moja ya stima. Mtaani tulisifiwa kwamba nyumba yetu ni safi, nasi tukijiona wastaarabu kweli. Ramadhani ya mwaka 2003, katika kumi la pili, bi mkubwa wa chumba cha mwisho alikwenda Malindi kumuuguza mwanawe. Siku ya tatu choo hakiingiliki. Maganda ya muhogo yameziba mtaro, maji yamesimama, pipa halina tone. Wakati wa daku watu wakasukumana mferejini, ndoo zikarushwa, na maneno yaliyotoka vinywani mwa watu wanaofunga siwezi kuyasema mbele yenu.

Basi ndipo tukajua. Safi haikuwa nyumba, safi alikuwa yule bibi. Alikuwa akiamka kabla yetu, akiosha choo, akijaza pipa, asimwambie mtu. Miaka minne! Na miguu ilikuwa ikimuuma. Kila mmoja wetu alidhani ni kazi ya mwengine.

Ndugu zangu, Mtume (S.A.W.) alitupa mfano katika hadithi aliyoipokea Bukhari, juu ya watu waliogawana jahazi kwa kura, wengine juu, wengine chini. Wa chini walikuwa wakipita kwa wa juu kuteka maji. Wakafikiri: tutoboe upande wetu, tusiwaudhi wenzetu. Wakiachwa, wote wataangamia. Wakizuiwa, wote wataokoka. Angalieni, nia yao haikuwa mbaya. Walisema tu, huu ni upande wetu. Na sisi twasema, nimelipa kodi yangu. Sawa, umelipa, lakini kodi haikupi ruhusa ya kuziba mtaro wa watu sita.

Tulifanya nini? Siku moja baada ya Tarawehe tulikaa ukumbini, vyumba vyote, tukakubaliana mambo manne.

Kwanza, kuosha choo na uani ni zamu, kila chumba wiki moja, awe mwanamume au mwanamke. Sisi mabachela tulinung'unika, lakini ufagio tuliushika.

Pili, anayemaliza maji ya pipa ajaze. Na maji yakija usiku, aliye macho awagongee wenziwe.

Tatu, bili ya stima isigawanywe sawa kwa sawa. Mwenye friji aongeze kwa mapatano, asidhulumiwe mwenye taa moja.

Nne, mwenye dukuduku amwendee mwenziwe mlangoni, asiseme na ukuta. Kwa mwenye nyumba yapelekwe yaliyo yake: bomba lililopasuka, shimo la choo lililojaa.

Bi mkubwa alirudi siku mbili kabla ya Idi. Akaingia uani, akasimama, akauliza, "Jee, wanangu, kumeingia mpangaji mpya?" Watu wakacheka. Mimi niliona haya. Tukamwambia, "Mama, wewe huna zamu tena, umeshamaliza."

Vijana wenzangu, tunajizuia na chakula cha halali mchana kutwa, kisha tunamuudhi jirani kwa ndoo ya maji. Kesho alfajiri, kabla hujatawadha, lifunue pipa ulitazame. Kama limejaa na si wewe uliyelijaza, mtafute aliyelijaza umshukuru. Kisha mpokee ndoo.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum.