Shabu Ndani ya Maji ya Ruvu

Msikilizaji wa Kibaha na wewe wa Kisarawe, mnakunywa mto mmoja. Maji ya Ruvu husafishwa katika mtambo wa Ruvu Juu, Mlandizi, na tangu mradi wa mwaka 2020 hupanda hadi Kisarawe kupitia Kibamba.

Leo tuchukue ndoo ya maji ya mto yenye tope, tutie shabu. Watoto wetu wa sekondari huandika mlinganyo mrefu hapo, kisha wanakwama. Tuufupishe.

Shabu ikiyeyuka huachana: ioni za potasiamu, za alumini na za salfeti. Majini tayari kuna kalsiamu na baikaboneti. Sasa uliza, nani kabadilika? Potasiamu, kalsiamu na salfeti zinaelea kama zilivyoingia. Ni watazamaji tu, kama wapita njia kwenye ugomvi wa sokoni. Zifute pande zote mbili. Kinachobaki ndicho mlinganyo halisi wa ioni: alumini moja yenye chaji chanya tatu, pamoja na baikaboneti tatu, hutoa alumini haidroksaidi na molekuli tatu za kaboni dayoksaidi. Haidroksaidi haiyeyuki, kwa hiyo usiivunje kuwa ioni (hapa wengi hupoteza alama). Hunasa tope na kuzama nalo.

Hakiki chaji: chanya tatu na hasi tatu ni sifuri, upande wa pili pia sifuri.

Baikaboneti zikipungua majini, shabu hulegea. Ndiyo maana mitambo ya maji huongeza chokaa.