Kusoma Tabia za Mbwa Mtandaoni: Cheti na Saa za Kazi

Ifuatayo ni mada ya Divisheni ya Kilimo, Mifugo na Uvuvi iliyowasilishwa kwa vikundi vya vijana wa Halmashauri.



Simu janja imewafungulia vijana masomo ambayo zamani yalihitaji nauli ya ndege. Miongoni mwake ni somo la tabia za mbwa na namna ya kuwafunza. Chuo Kikuu cha Duke cha Marekani kimepata kutoa kozi ya akili na hisia za mbwa kupitia jukwaa la Coursera, na Chuo Kikuu cha Edinburgh kozi ya tabia na ustawi wa wanyama.

Kazi za mbwa nazo zipo nchini. Kampuni za ulinzi huwatumia, na Jeshi la Polisi lina Kikosi cha Mbwa na Farasi. Katika uhifadhi, mpango wa African Wildlife Foundation ulioanza mwaka 2014 huwaandaa mbwa na waongozaji wao huko Usa River, mkoani Arusha, ili wanuse pembe za ndovu na faru zinazotoroshwa. Swali ni moja: masomo ya mtandaoni humfikisha kijana wapi, na humwachia wapi?

Humfikisha mbali katika nadharia. Mwanasayansi wa Urusi, Ivan Pavlov, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa utafiti wa mmeng'enyo wa chakula, alionyesha kuwa mbwa huunganisha ishara na chakula kinachofuata. Wataalamu waliokuja baadaye walieleza kwamba mnyama hurudia tendo lenye manufaa kwake. Ndiyo maana tuzo hutolewa papo hapo: mbwa aliyeketi akipewa kipande cha nyama baada ya kusimama, amefunzwa kusimama.

Aidha, watafiti John Paul Scott na John Fuller, katika kitabu chao cha mwaka 1965, walibainisha kwamba kati ya wiki ya 3 na ya 12 mtoto wa mbwa hupokea watu na mazingira kwa wepesi. Anayefungiwa bandani wakati huo ili awe mkali hukua na hofu, na mbwa mwenye hofu huweza kumng'ata hata mtoto wa nyumbani. Samaki mkunje angali mbichi.

Masomo hayo pia huondoa dhana potofu. Wengi huamini kwamba mbwa hutii akipigwa, hata amtambue binadamu kuwa mbabe wa kundi. David Mech, ambaye kitabu chake cha mwaka 1970 kuhusu mbwa mwitu wa nchi za kaskazini kilichangia kueneza dhana ya ubabe, alieleza mwaka 1999 kuwa kundi la mbwa mwitu porini kwa kawaida ni familia, na viongozi wake ni wazazi. Hapa nchini, Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza ukatili kwa mnyama.

Lakini kioo cha simu hakina meno. Mbwa mwenye wasiwasi hupiga miayo bila usingizi, hulamba midomo pasipo chakula, hugeuza uso au hukakamaa mwili. Hata kutikisa mkia si furaha kila mara. Katika video dalili hizo huonyeshwa kwa mshale. Mbele ya mbwa halisi hupita kufumba na kufumbua, na asiyezizoea huzitambua akiwa amekwisha kung'atwa.

Kwa sababu hiyo, baraza la kimataifa la vyeti vya wakufunzi wa mbwa, CCPDT, lililoanzishwa mwaka 2001, humtaka mwombaji wa cheti chake cha msingi awe na uzoefu wa angalau saa 300 za kufunza ndipo aruhusiwe kufanya mtihani. Kwa upande mwingine, katika nchi nyingi, Uingereza ikiwemo, jina la mkufunzi wa mbwa halilindwi na sheria. Yeyote aweza kufungua shule mtandaoni na kuchapa vyeti. Kabla ya kulipa ada, kijana aulize: mwalimu ni nani? Cheti kinatambuliwa na mwajiri gani? Je, mwanafunzi hutuma video za kazi yake zikasahihishwa?

Jambo la mwisho ni la uhai. Shirika la Afya Duniani hukadiria kuwa kichaa cha mbwa huua watu 59,000 kila mwaka duniani, na hadi asilimia 99 ya maambukizi kwa binadamu hutokana na mbwa. Dalili zikishajitokeza, kupona ni nadra mno. Anayekusudia kazi hii apate chanjo ya kinga mapema. Aking'atwa, aoshe jeraha kwa maji na sabuni kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya bila kuchelewa, hata kama amechanjwa.

Ugonjwa huo hudhibitiwa kwa kuchanja asilimia 70 ya mbwa katika eneo. Lakini mbwa wengi hawafikishwi kwenye chanjo kwa kuwa wenye nao hawawezi kuwashika. Hapo ndipo penye nafasi ya kijana. Aanze na kozi isiyo na ada, kisha ajitolee kwa afisa mifugo wa kata siku za chanjo, aandike daftarini kila saa aliyofanya kazi, na ada kubwa aiache hadi baadaye. Kikundi kilichosajiliwa kinaweza pia kumwona Afisa Maendeleo ya Jamii kuhusu mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani, ambamo asilimia 4 ni ya vijana.

Cheti humtambulisha mtu kwa mwajiri. Mbwa hatambui cheti. Hutambua mkono uliotulia.