Mwenye Mikate Hakutupa Makombo

Mazungumzo haya yalitolewa redioni katika kipindi cha ibada ya asubuhi. Somo ni Yohana 6:1–13.



Leo nataka kuanza kwa kuungama. Mwaka wa kwanza wa utumishi wangu, nikiwa shemasi kijana niliyetoka chuo cha theolojia juzijuzi, nilitumwa kwenye kanisa dogo la pwani ya kaskazini, karibu na ghuba ya Ungwana. Siku moja tulimngojea askofu aje kuwawekea mikono vijana wetu. Wageni walikuwa wengi, na fedha ya chakula ilikuwa kidogo. Mtu mmoja akaniambia kwamba wako samaki wa bei rahisi waliotoka katika meli ya kuvua kamba. Nikanunua makreti mawili. Walikuwa samaki wadogo wadogo, wengine urefu wa kidole tu, wa kila aina wamechanganyika. Akina mama wakawakaanga, watu wakala wakashiba, nami nikajiona mtunza hazina hodari.

Miongoni mwa wageni wetu alikuwako jirani wa kanisa, mzee wa Kiislamu, mvuvi tangu utoto wake. Aliitazama sahani yake kwa muda. Kisha akaniambia kwa upole, "Padre, huyu ni changu, yule ni chewa, na huyu hapa ni kolekole. Lau wangaliachwa wakue, kila mmoja angalilisha nyumba nzima. Leo tumekula mbegu."

Hakusema zaidi, wala hakukikataa chakula chetu. Mimi ndiye niliyeshindwa kumaliza.

Baadaye mzee huyo alinieleza kwamba samaki wale tuliokula walikuwa wale waliopata bahati ya kuletwa nchi kavu. Wengi zaidi hutupwa baharini wakiwa wamekufa, kwa sababu meli ilikwenda kutafuta kamba, nao si kamba. Ugomvi baina ya wavuvi wadogo na meli hizo ulikuwa wa miaka mingi, mpaka mwaka 2006 uvuvi wa meli katika ghuba ile ukasimamishwa. Uliporuhusiwa tena mwaka 2011, uliwekewa masharti mapya.

Ndugu zangu, miaka mingi ilipita. Kisha nikasoma habari za nchi ya mbali sana na kwetu, nchi ya barafu na ukungu, na ndani yake nikayasikia tena maneno ya mzee yule. Nchi hiyo ni Newfoundland, iliyo leo sehemu ya Kanada, upande wa magharibi wa Bahari ya Atlantiki. Huko yuko samaki ambaye kamusi zetu humwita chewa, ingawa si yule chewa wetu wa miambani. Ni samaki wa maji ya baridi, mwenye nyama nyeupe, naye aweza kukua kupita urefu wa mita moja. Kwa leo tumwite chewa wa kaskazini.

Mwaka 1497 baharia John Cabot alitoka Bristol, Uingereza, akafika katika bahari zile. Habari zilizoletwa nyumbani zilisema samaki walikuwa wengi hata watu waliweza kuwateka kwa vikapu. Kwa karne nyingi watu wa huko waliwavua kwa mishipi na mashua ndogo, wakawatia chumvi, wakawaanika, wakawauza mbali. Vijiji vilijengwa juu ya samaki huyo, na makanisa pia. Baba alimrithisha mwana mashua, na mwana akamrithisha mjukuu.

Kisha, katika miaka ya 1950, zikaja meli kubwa za kukokota nyavu, kutoka nchi nyingi za Ulaya. Wavu wa meli hizo ni kama mfuko mkubwa wenye mdomo mpana, unaovutwa juu ya sakafu ya bahari kwa saa nyingi, usiku na mchana, ukizoa kila kilicho mbele yake. Mwaka 1968 pekee walivuliwa chewa wa kaskazini zaidi ya tani 800,000. Mwaka 1977 Kanada ilitangaza mamlaka yake hadi maili 200 kutoka pwani, na meli za kigeni zikapunguzwa sana. Watu wakashangilia. Lakini mahali pa meli za wageni pakaingia meli za wenyewe, na nyavu zikaendelea kukokotwa.

Sasa nisikilize vizuri. Samaki huyu wa bahari zile za baridi huhitaji miaka mitano hadi saba kabla ya kuanza kutaga. Jike kubwa hutaga mamilioni ya mayai kwa msimu mmoja. Kwa hiyo chewa mchanga si kitu kidogo. Ndani yake mna samaki wa kesho na kesho kutwa. Matundu ya wavu huwekwa mapana ili wadogo wapenye watoke, lakini mfuko ukijaa, miili ya wakubwa huyaziba matundu, na wadogo hunaswa pamoja nao. Mfuko unapopandishwa kutoka kilindini, hewa iliyo ndani ya samaki hutanuka na kumdhuru. Hata akirudishwa majini, mara nyingi haponi.

Basi tufikirie sitaha ya meli, usiku, maili nyingi kutoka nchi kavu. Tumbo la meli lina nafasi yake, na kibali kina kiasi chake. Mkubwa ana bei nzuri, mdogo ana bei duni. Mabaharia huwachagua wakubwa, na wadogo husukumwa kwa koleo wakarudi baharini, wamekufa. Katika kitabu cha meli huandikwa waliowekwa. Waliotupwa hawaandikwi. Wataalamu nao, huko ofisini, walihesabu samaki wa bahari kwa kutegemea sana vitabu vile. Wavuvi wadogo wa pwani walilia katika miaka ya 1980 kwamba samaki wanapungua na waliobaki ni wadogo. Sauti yao ilichukua muda mrefu kusikiwa, kwa kuwa meli kubwa zilikuwa bado zikijaza matumbo yake. Zilikuwa zikiwafuata samaki wa mwisho pale walipokusanyika.

Tarehe 2 Julai 1992 serikali ya Kanada ilifunga uvuvi wa chewa wa kaskazini. Watu wapatao 30,000 walipoteza kazi yao. Siku moja kabla ya tangazo, Waziri John Crosbie alikutana na wavuvi wenye hasira, akawajibu kwamba si yeye aliyewatoa samaki majini. Alisema kweli. Lakini ukimwuliza nahodha, atasema alifuata kibali. Mwenye kampuni atasema alifuata soko. Mnunuzi atasema alifuata bei. Nami, msikilizaji, nilipobeba makreti yale mawili, nilifuata mfuko wa kanisa. Tangu bustani ya Edeni mwanadamu hajaacha kunyosha kidole kwa jirani yake.

Ilitarajiwa kwamba uvuvi ungefungwa kwa miaka miwili. Uvuvi wa biashara ulifunguliwa tena rasmi mwaka 2024, baada ya miaka 32, nao kwa kiasi cha tani 18,000 tu. Linganisha na zile 800,000. Wahenga wetu walisema majuto ni mjukuu, na huko wajukuu walikuja kweli, wakakuta mashua zimepinduliwa ufuoni.

Sasa tufungue Neno la Mungu. Katika Injili ya Yohana, sura ya sita, Bwana Yesu analisha wanaume wapatao elfu tano kwa mikate mitano ya shayiri na samaki wawili. Habari hiyo tunaijua tangu shule ya Jumapili. Lakini tazama linalofuata katika mstari wa 12. Watu wamekwisha kushiba. Bwana anawaagiza wanafunzi wake wakusanye vipande vilivyosalia, ili pasiwe na kitu kinachoharibika. Wakajaza vikapu kumi na viwili.

Je, umewahi kujiuliza ni kwa nini? Yeye aliyefanya mitano kuwa maelfu hakuwa na haja ya makombo. Kesho yake angeweza kufanya mingine. Kama yuko mmoja aliyekuwa na haki ya kutupa, ni Yeye, naye hakutupa. Sisi tusioweza kuumba hata yai moja la samaki ndio tunaotupa kwa koleo.

Hilo ndilo neno langu la leo, wapendwa. Wingi wa neema ya Mungu si ruhusa ya kuharibu. Anayejua kitu kimetoka mkononi mwa nani hukishika kwa heshima, hata kikiwa kipande.

Labda mtu ataniuliza, "Mchungaji, si Bwana mwenyewe alitoa mfano wa wavu, ambamo samaki wabaya hutupwa?" Naam, yumo katika Mathayo 13. Lakini wale waliotupwa walikuwa wabaya, wasiofaa. Chewa mchanga ana ubaya gani? Kosa lake ni kwamba hajakua, na bei yake haijatupendeza. Na hata katika Torati, Kumbukumbu la Torati 22, mstari wa 6 na 7, Mungu aliwawekea Israeli sheria ya kiota cha ndege: ukikuta mama na makinda, usimchukue mama pamoja na watoto wake. Mungu hakukataza watu kula. Alikataza kukata mzizi wa chakula.

Je, liko tumaini? Liko. Norwei, nchi nyingine ya chewa, ilipiga marufuku mwaka 1987 kutupa chewa baharini. Kinachovuliwa kiletwe nchi kavu kihesabiwe, na mahali penye wachanga wengi hufungwa, meli zikaenda kwingine. Kulikuwa na hatua nyingine pia, na bahari yenyewe ilisaidia, lakini chewa wa Bahari ya Barents waliongezeka sana, hata mwaka 2013 Norwei na Urusi ziliweza kuruhusu tani milioni moja. Miaka ya karibuni kiasi hicho kimepunguzwa tena sana, maana kazi ya uwakili haina likizo. Umoja wa Ulaya nao, ambao sheria zake kwa miaka mingi zilimlazimisha mvuvi kumtupa samaki aliyezidi kibali, uligeuza kanuni hiyo hatua kwa hatua tangu 2015 hadi 2019, ingawa kuisimamia kumekuwa kugumu. Na ulimwengu mzima? Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilikadiria mwaka 2019 kwamba samaki wanaotupwa baharini ni karibu tani milioni 9 kila mwaka, na karibu nusu yao hutoka katika nyavu zinazokokotwa chini.

Tutafanya nini sisi? Wewe mvuvi unayenisikiliza, wa bahari au wa ziwa, tazama matundu ya wavu wako leo. Najua watoto wanangoja nyumbani, nami sisemi kama mtu aliyeshiba. Lakini mbuta mchanga unayemtoa ziwani leo ndiye karo ya mwanao miaka ijayo. Wewe mama unayekwenda sokoni, na wewe mtunza hazina wa kanisa, ulizeni samaki huyu ana umri gani, si bei yake tu. Samaki mchanga akikosa mnunuzi, wavu wa matundu madogo utakosa sababu. Nawe uliyepewa kalamu ya kuandika kilo, vibali na hesabu, andika kweli. Kisichoandikwa katika kitabu cha meli kimeandikwa mbele za Mungu.

Mwisho, nilirudi kwa mzee yule kumwomba radhi. Alicheka, akanishika mkono. Akaniambia, "Padre, kosa la bahari halimalizwi kwa radhi. Humalizwa kwa kungoja." Nimeyaweka maneno hayo moyoni. Toba ya kweli ina subira ndani yake. Ni kuuacha wavu ukauke kwa msimu mmoja, ili mtu usiyemjua, ambaye hajazaliwa, naye apate kula na kumshukuru Mungu.

Tuombe.

Ee Bwana Mungu, uliyeijaza bahari viumbe kwa neno lako, utusamehe kwa yote tuliyoyatupa tusipoonekana na watu. Utufundishe kupokea kwa shukrani na kuacha kwa imani. Uwalinde wavuvi walioko majini asubuhi hii, uwape riziki ya halali. Uwape wenye mamlaka masikio ya kuwasikia wanyonge. Na sisi sote utupe mikono ya kukusanya, wala si ya kuharibu. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.