Paswadi Yako Iko Kwenye Daftari la Nani?

Msikilizaji, ingia saiba yoyote, yaani duka la intaneti, mtaani Kawangware, Nairobi, asubuhi ya Juni, wakati kila mtu anakimbizana na tarehe 30 ya kuwasilisha ritani za kodi kwa KRA. Foleni imefika barabarani. Fotokopi inanguruma, na kijana aliye nyuma ya kaunta anachapa bila kutazama kibodi. Kando yake kuna daftari la shule lililong'oka jalada, limepigwa mistari kwa rula: jina, namba ya simu, barua pepe, paswadi. Ukurasa baada ya ukurasa, na kila anayeegemea kaunta anaweza kusoma.

Daftari hilo lina historia yake. Mama mboga alikuja kuomba cheti cha kuzaliwa cha mwanawe. Mwendesha boda alitaka leseni, binti aliyemaliza kidato cha nne akatafuta mkopo wa elimu ya juu wa HELB. Wote waliulizwa swali moja: uko na email? Hawana. Kijana akawafungulia papo hapo, akaweka namba yake ya simu ili msimbo wa kuthibitisha uingie kwake haraka, akabuni paswadi. Na kwa kuwa hana kichwa cha kukumbuka paswadi mia mbili, akawapa wengi ileile: jina la mtaa, alama ya @, na mwaka.

Simwiti mwizi. Kijana huyu anafanya kazi ambayo serikali ilidhani itajifanya yenyewe. Juni 2023 Rais Ruto alizindua huduma zaidi ya 5,000 kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, mpango ukaitwa Gava Mkononi, yaani serikali mkononi. Mkononi mwa nani, ndugu msikilizaji? Kwa mtu wa Kangemi mwenye simu ya kubofya, gava iko mkononi mwa kijana wa saiba.

Balaa huja kijana akiacha kazi. Saiba imegeuka duka la nguo, namba yake haipatikani, na msimbo wa kufungua barua pepe yako unatumwa kwa simu usiyojua iko wapi. Ukibonyeza pale pa "umesahau paswadi" kwenye iTax, tovuti ya kodi ya KRA, kiungo kinatumwa kwenye barua pepe ileile iliyofungwa. Hapo ndipo mtu anapanda matatu hadi Huduma Centre ya GPO katikati ya jiji na kupoteza siku nzima ya kazi.

Wala tusiwacheke watu wa Kawangware. Panda ukaone ofisi za Westlands. Huko kompyuta inamlazimisha mfanyakazi kubadilisha paswadi kila baada ya miezi kadhaa, iwe na herufi kubwa, tarakimu na alama. Naye anafanya nini? Januari@2025 inageuka Aprili@2025, kisha inabandikwa kwenye kikaratasi chini ya kibodi. Masharti hayo yalienezwa na mwongozo wa mwaka 2003 wa NIST, taasisi ya viwango ya Marekani. Aliyeuandika, Bill Burr, alikiri mwaka 2017 kwamba anajutia mengi aliyoshauri. Mwaka huohuo taasisi yenyewe ikageuza msimamo: urefu wa paswadi ndio muhimu, na hakuna haja ya kumlazimisha mtu kuibadilisha kama haijavuja. Ofisi zetu nyingi bado zinashika amri ambayo mwenyewe aliyeitoa ameitupa.

Basi mimi nasema hivi: andika paswadi zako. Ndiyo, kwa kalamu, kwenye daftari lako mwenyewe, ulifungie pale unapoweka cheti cha ndoa na hati ya shamba. Mwizi akivunja mlango anatafuta televisheni na mtungi wa gesi. Hana habari na daftari. Chagua maneno manne yasiyojuana kabisa, mathalan ngamia, bomba, Jumanne na kiatu, ukichanganya na lugha ya nyumbani kwenu ukipenda. Barua pepe iwe na paswadi yake peke yake, kwa sababu hiyo ndiyo inayofungua nyingine zote. PIN ya M-PESA usiiandike popote. Ni tarakimu nne tu, na hata kwa wakala usiitamke.

Na kompyuta ya saiba ikikuuliza kama ihifadhi paswadi, kataa. Ukimaliza, ondoka kwenye akaunti kabla hujainuka kitini.

Nanyi wenye saiba, Sheria ya Kulinda Data ipo tangu 2019, na lile daftari la kaunta limebeba siri za watu. Lichomeni. Mteja akija bila email, mfungulieni kwa namba yake ya simu, si yenu. Ikifika pale pa paswadi, msukumieni kibodi aandike mwenyewe, hata kama atachapa kwa kidole kimoja na foleni inanung'unika.