HAKI HAIDAIWI KWA SERIKALI PEKE YAKE

(Hotuba ya Katibu katika sherehe ya kutimiza miaka kumi)



Wenzetu wamekwisha kuwaelezeni habari za kahawa na bei. Sisi twaomba ruhusa tuseme kidogo juu ya haki.

Wengi hudhani kwamba haki zilizoandikwa katika Katiba ni kinga dhidi ya Serikali tu. Lakini Ibara ya 30 ya Katiba ya Tanzania yampa kila aliyevunjiwa haki ruhusa ya kufungua shauri katika Mahakama Kuu, hata kama aliyeivunja ni mtu wa kawaida.

Mwaka 1988, wilayani Muleba, mama mmoja aliliuza kwa shilingi 300,000 shamba la ukoo alilorithi kwa wosia wa baba yake. Mtoto wa ndugu yake akamshtaki, akidai kuwa kwa mila ya Kihaya mwanamke hana idhini ya kuuza shamba la ukoo. Mahakama ya Mwanzo ilimpa mdai ushindi; Mahakama ya Wilaya ikatengua. Mwaka 1990, katika Mahakama Kuu, Mwanza, Jaji Mwalusanya aliamua kwamba katazo hilo lapingana na Katiba, na mauzo yakawa halali. Mdai naye alipewa miezi 6 alikomboe shamba kwa kulipa shilingi zile zile 300,000. Hivyo desturi ya ukoo kukomboa shamba ilibaki. Kilichoondolewa ni ubaguzi.

Hatimaye Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 iliandika wazi kwamba haki ya mwanamke katika ardhi ni sawa na ya mwanamume.

Hata hivyo, sheria haiendi mahakamani yenyewe. Kesi ina gharama, na kushtakiana na ndugu ni uchungu. Wengi huona heri kunyamaza. Hapo ndipo penye kazi yetu. Mwanachama afapo, pengine ndugu hufika ofisini kudai malipo ya kahawa kabla matanga hayajaisha. Twaviomba Vyama vya Msingi visibadili jina daftarini mpaka mjane na watoto, wa kike na wa kiume, wamesikilizwa, na maneno yao yameandikwa katika kumbukumbu za mkutano.

Mizani yetu haiulizi gunia limeletwa na nani. Daftari letu nalo liwe vivyo hivyo.

Twawatakieni mavuno mema. Umoja ni nguvu.